Mjamzito Kazini: Mlo wa Mchana Usipotee

Mama mjamzito wa Kibera au Kawangware akifika kliniki huambiwa ale mboga, matunda, nyama, mayai, maziwa na nafaka. Ushauri huo ni sahihi. Tatizo ni kwamba saa saba mchana mama huyo hayuko kliniki wala jikoni kwake. Yuko mbele ya beseni la nguo Lavington, au nyuma ya meza ya nyanya katika soko la Toi, au kwenye foleni ya kiwanda Industrial Area. Alikunywa chai alfajiri, na chakula chake kingine cha maana kitakuwa ugali wa usiku. Kati ya hapo zimepita saa kumi na mbili au zaidi.

Somo hili linahusu saa hizo. Wajawazito wengi wanaofanya kazi mtaani hawakosi kujua chakula bora. Wanachokosa ni nafasi ya kukila wakati mwili unakihitaji, na mara nyingi kile kidogo wanachokila huharibiwa kazi yake na kikombe cha chai kinachokifuata. Mambo hayo mawili yanaweza kurekebishwa bila kuongeza pesa nyingi.

Kinachopiganiwa ni damu

Katika ujauzito, mwili wa mwanamke huongeza damu yake kwa karibu nusu ya ile aliyokuwa nayo kabla. Damu hiyo ndiyo hupeleka chakula na hewa kwa mtoto kupitia kondo la nyuma. Ili kuitengeneza, mwili unahitaji madini ya chuma mengi kuliko wakati mwingine wowote wa maisha ya mwanamke. Zaidi ya hayo, katika miezi mitatu ya mwisho mtoto hujiwekea akiba yake ya madini ya chuma, akiba atakayoitumia katika miezi sita ya kwanza baada ya kuzaliwa, anaponyonya maziwa ya mama peke yake.

Mama asipopata madini ya kutosha, damu hupungua. Shirika la Afya Duniani huhesabu kwamba mjamzito ana upungufu wa damu kipimo chake kikiwa chini ya 11, au chini ya 10.5 katika miezi mitatu ya katikati. Uchunguzi wa kitaifa wa virutubishi uliofanywa nchini mwaka 2011 uliwakuta takriban wajawazito wanne kati ya kila kumi wakiwa na upungufu huo. Kwa hivyo si ugonjwa wa watu wachache.

Dalili zake ni rahisi kuzipuuza, kwa sababu zinafanana na uchovu wa kazi: miguu mizito, kichwa chepesi, moyo kwenda mbio mtu akipanda kilima kidogo tu, viganja na sehemu ya ndani ya kope kupauka. Mama husema, "Ni hii kazi tu." Pengine si kazi peke yake. Upungufu wa damu huongeza uwezekano wa mtoto kuzaliwa kabla ya wakati au akiwa na uzito mdogo. Na kutokwa na damu nyingi baada ya kujifungua ni mojawapo ya sababu kubwa za vifo vya akina mama nchini. Mwanamke anayeingia chumba cha kujifungulia akiwa na damu kidogo hana akiba ya kupoteza. Akiba hiyo hujengwa mapema, kidogo kidogo, kila siku ya kazi.

Jinsi mchana unavyopotea

Kila kazi ina njia yake ya kula muda wa chakula.

Mwanamke wa kibarua cha kufua hutoka Kawangware asubuhi na mapema kwenda kungoja kazi Lavington na Kileleshwa. Hataki kubeba chakula kwa sababu hajui kama atapata kazi, wala nyumba gani. Akiipata, hulipwa kwa kazi, si kwa saa, kwa hivyo hafungui mapumziko. Akipewa kitu, mara nyingi huwa ni chai na mkate.

Mama mboga huamka kabla ya mapambazuko kwenda Marikiti au Kangemi kuchukua bidhaa. Ajabu ni kwamba siku nzima yuko katikati ya sukuma, nyanya, machungwa na maparachichi, lakini hivyo ni mtaji. Huona kula chungwa lake mwenyewe ni hasara. Jioni huenda nyumbani na mboga zilizonyauka.

Anayefanya kazi kiwandani au kwenye mjengo ana saa ya chakula, lakini saa hiyo ni fupi na pesa mfukoni ni za nauli. Wengi wa Kibera hutembea kwenda na kurudi ili kuokoa nauli, na mwendo huo nao unatumia nguvu ambazo hazikurudishwa.

Katika hali zote tatu jambo ni moja: chakula cha mchana hugeuka kuwa chai na mandazi, au soda na keki, au kutokula kabisa. Tumbo hunyamaza lakini mwili haujapata kitu. Sukari na unga mweupe hupandisha nguvu kwa muda mfupi, halafu huja kizunguzungu saa tisa au saa kumi.

Mjamzito hahitaji kula kwa watu wawili, kama wengi wanavyoambiwa. Katika miezi mitatu ya kwanza mahitaji yake ya chakula huongezeka kidogo sana. Kuanzia mwezi wa nne anahitaji kiasi kama mlo mdogo mmoja zaidi kwa siku, na kidogo zaidi ya hapo katika miezi ya mwisho. Mwanamke aliyeanza ujauzito akiwa na uzito wa kawaida hutarajiwa kuongeza kilo 11.5 hadi 16 hadi atakapojifungua. Kinachotakiwa ni kugawa chakula katika siku: mara tano au sita, kidogo kidogo, badala ya sahani moja kubwa usiku wakati mimba imebana tumbo na kiungulia kinamngoja.

Chai ihamishwe, isikatazwe

Kumwambia mkaazi wa Nairobi aache chai ni kupoteza maneno. Haihitajiki. Kinachohitajika ni kuihamisha saa.

Chai ina tanini, kitu kile kile kinachoipa rangi na ukali. Tanini hushikana na madini ya chuma tumboni na kuyazuia yasiingie kwenye damu. Iwe chai ya rangi au ya maziwa, athari ipo. Kahawa nayo huzuia vivyo hivyo. Wanaoathirika zaidi ni wale wasiokula nyama mara kwa mara, kwa sababu madini ya chuma yaliyo katika maharagwe, ndengu, sukuma na wimbi ndiyo huzuiwa kwa urahisi. Mama anayekula githeri na kuteremshia na chai amelipia madini ambayo mengi yake mwili hautayapata.

Kanuni ni fupi: chai inywewe peke yake, saa moja kabla ya chakula au saa moja hadi mbili baada yake. Mahali pake pazuri ni saa nne asubuhi, katikati ya kifungua kinywa na chakula cha mchana. Pamoja na chakula, maji yanatosha.

Kuna vitu vinavyofanya kinyume cha chai. Vitamini C, iliyo katika machungwa, mapera, maembe, mapapai, ndimu na nyanya mbichi, husaidia mwili kuyachukua madini ya chuma ya mimea. Kipande cha nyama, samaki au omena kikiwa kwenye sahani moja na maharagwe husaidia vivyo hivyo. Kwa hivyo chungwa moja baada ya githeri si kitu cha anasa. Linafanya kazi ya kuitoa githeri thamani yake.

Kibanda kina nini?

Vyakula vinavyojenga damu vinauzwa tayari katika njia za Kibera na Kawangware. Kazi ni kuvitambua.

Githeri iliyokwisha chemshwa hupimwa barabarani na humwokoa mnunuzi gharama ya makaa au gesi. Ikiongezwa sukuma, nyanya na kitunguu ni mlo kamili. Maharagwe na ndengu kibandani ni chaguo zuri kuliko chipsi, na hushibisha kwa muda mrefu. Anayepika nyumbani aloweke maharagwe usiku kucha na kuyamwaga maji yake. Hupikwa kwa moto mdogo, hayajazi gesi tumboni, na madini yake hupatikana kwa urahisi zaidi.

Omena ni miongoni mwa vyakula bora vya bei ya mtaa. Huliwa mzima, na mifupa yake, kwa hivyo humpa mama protini, madini ya chuma na kalsiamu kwa pamoja. Kalsiamu ni ya mifupa ya mtoto, na mama anayeipata kidogo sana ana hatari zaidi ya kupata shinikizo la damu la ujauzito. Mifupa ya samaki inayoitwa mgongo wazi, matumbo, na supu ya vichwa na miguu ya kuku, vyote ni chakula cha maana vikipikwa vikaiva.

Maini yana madini ya chuma mengi, lakini pia yana vitamini A nyingi mno, ambayo ikizidi inaweza kumdhuru mtoto tumboni. Mjamzito asiyale zaidi ya mara moja kwa wiki, na yawe kiasi kidogo.

Yai la kuchemsha linalouzwa kwenye mkokoteni ni protini kamili iliyofungwa na ganda lake. Liive hadi kiini kigande. Kachumbari inayoambatana nalo ni nzuri kwa sababu ya nyanya, mradi mama amemwona muuzaji akitumia maji safi. Akitilia shaka, ale yai na chungwa.

Asubuhi wauzaji wa viazi vitamu na nduma huwa stejini na sufuria zao. Kipande cha kiazi na yai hukaa tumboni kuliko mandazi matatu. Njugu karanga na ndizi hubebeka mkobani na haviharibiki kwa joto.

Mboga za kienyeji, yaani managu, terere, saga na kunde, zina foleti na madini ya chuma. Foleti huharibiwa na moto mrefu na hutoka na maji. Mboga zioshwe kabla ya kukatwa, zipikwe kwa muda mfupi katika maji kidogo na mafuta kidogo, na maji hayo yasimwagwe.

Kuhusu unga wa ugali, kuna jambo ambalo wengi hawalijui. Tangu mwaka 2012 sheria imewataka wasagaji wakubwa waongeze virutubishi, yakiwemo madini ya chuma na asidi ya foliki, katika unga wa mahindi na wa ngano unaouzwa kwa pakiti. Unga wa kusaga posho mill kwa kawaida hauna nyongeza hiyo. Una faida yake, hasa usipokobolewa. Anayenunua pakiti atazame nembo ya virutubishi, na anayesaga aongeze juhudi kwenye mboga na omena.

Pesa za kadogo

Wakaazi wengi wa mitaa hii hununua kwa kipimo cha kadogo kwa sababu hulipwa kwa siku. Mpango wa chakula unaodai ununuzi wa mwezi mzima hauwafai. Unaowafaa ni ule unaobadilisha pesa zile zile.

Bei ya soda na keki za mchana, katika vibanda vingi, inakaribia bei ya sahani ndogo ya maharagwe au yai na ndizi. Mama mboga ajihesabie tunda moja na fungu moja la mboga kwa siku kama gharama ya biashara, sawa na nauli ya kwenda Marikiti, si kama hasara. Anayefua abebe mkebe mdogo wenye kiporo cha usiku kilichochemshwa tena hadi kutoa mvuke asubuhi, au njugu na viazi vitamu ambavyo havihitaji kupashwa. Akipata kazi, ana chakula. Asipoipata, bado ana chakula.

Familia nazo zigawe upya. Katika nyumba nyingi kipande cha nyama au samaki humwendea baba kwanza, kisha watoto, na mama hufuta sufuria. Mwaka huu mmoja, sufuria ianze na mama. Mume anayelielewa hilo amefanya sehemu yake ya kumleta mtoto salama.

Kuna pia njia ya gunia. Mwaka 2008, baada ya ghasia zilizofuata uchaguzi, shirika la Kifaransa la Solidarités lilianza kuwasaidia wakaazi wa Kibera kupanda mboga katika magunia ya udongo yaliyotobolewa pembeni. Familia nyingi zimeendelea na ukulima huo. Gunia moja linaweza kubeba miche kadhaa ya sukuma na terere mlangoni. Udongo usichukuliwe karibu na jaa la taka, gereji au mtaro wa maji machafu, kwa sababu unaweza kuwa na sumu kama risasi. Kaunti ya Nairobi ina sheria ya kukuza na kusimamia kilimo cha mjini tangu mwaka 2015, kwa hivyo mkaazi anaweza kumtafuta afisa wa kilimo wa eneo lake kwa ushauri.

Mfano wa siku ya kazi

Alfajiri kabla ya kutoka: uji wa wimbi uliochachushwa, au kiazi kitamu na yai. Bila chai.

Saa nne: kikombe cha chai.

Saa saba: githeri na sukuma, au maharagwe na chapati moja. Chungwa au pera. Maji.

Saa kumi: njugu karanga na ndizi, au nusu ya parachichi, au kikombe cha mala.

Jioni: ugali, omena au ndengu, na managu. Kipande cha papai au embe kikipatikana.

Kabla ya kulala: tembe ya kuongeza damu kwa maji.

Anayeshindwa na hayo yote aanze na mawili: chai ihame kutoka kwenye chakula, na saa saba isipite bila kitu chenye maharagwe, yai, samaki au nyama.

Anayetapika sana katika miezi ya kwanza ale vidogo na vikavu kila baada ya saa mbili hivi, na asiache tumbo tupu. Akishindwa kuweka hata maji tumboni kwa siku nzima, aende kituo cha afya.

Tembe za kliniki

Chakula peke yake mara nyingi hakitoshi kufikia mahitaji ya ujauzito. Ndiyo maana wajawazito wote nchini hupewa tembe moja ya kila siku yenye miligramu 60 za madini ya chuma na mikrogramu 400 za asidi ya foliki. Hutolewa bila malipo katika vituo vya umma, tangu kliniki ya kwanza hadi kujifungua.

Wengi huzipokea na kuziacha kabatini. Sababu zinajulikana: kichefuchefu, choo kigumu, choo cheusi. Choo cheusi ni kawaida na hakina madhara. Kwa kichefuchefu, tembe imezwe baada ya chakula cha jioni au wakati wa kulala. Kwa choo kigumu, maji na mboga zaidi. Isimezwe kwa chai wala maziwa. Ikiendelea kumsumbua, mama amwambie muuguzi badala ya kuacha kimya kimya.

Kliniki ianze mapema. Wengi husubiri hadi tumbo lionekane, lakini uti wa mgongo na ubongo wa mtoto hujifunga katika wiki nne za kwanza, na asidi ya foliki ndiyo husaidia ufunge vizuri. Anayepanga kupata mimba anaweza kuanza tembe kabla. Ratiba ya sasa ni kliniki nane katika ujauzito mmoja. Huko mama hupimwa damu, shinikizo na uzito, na kuanzia mwezi wa nne hupewa dawa ya minyoo, kwa sababu minyoo nayo hunyonya damu. Mkono wake wa juu pia hupimwa kwa utepe: mzunguko ulio chini ya sentimita 21 humaanisha hajala vya kutosha kwa muda mrefu, naye huelekezwa kwa huduma ya lishe.

Huduma hizo zipo karibu. Wa Kibera wana Kituo cha Afya cha Kibera South na Hospitali ya Mbagathi. Wa Kawangware wana Kituo cha Afya cha Riruta na, kwa upande wa Dagoretti Kusini, Hospitali ya Mutuini. Wahudumu wa afya ya jamii wanaopita mlango hadi mlango wanaweza kumwelekeza mama kwa kituo kilicho jirani zaidi. Ambaye hajajisajili kwa Mamlaka ya Afya ya Jamii, SHA, iliyochukua nafasi ya NHIF mwezi Oktoba 2024, ajisajili mapema kwa *147# asingoje uchungu.

Odowa, mayai na saumu

Mawe laini ya kula, yanayojulikana kama odowa, huuzwa wazi sokoni, na wateja wengi ni wajawazito. Kuyatamani si aibu wala si tabia mbaya. Mara nyingi ni alama kwamba mwili umepungukiwa na madini ya chuma. Utafiti uliochapishwa mwaka 1998 kuhusu wajawazito wa Kilifi uliwakuta zaidi ya nusu wakila udongo. Ubaya ni kwamba udongo hauongezi damu. Unaweza kuzuia madini yaliyo katika chakula, kuleta mayai ya minyoo na kuwa na risasi, ambayo hudhuru ubongo wa mtoto. Mwenye hamu hiyo aende apimwe damu.

Baadhi ya jamii humkataza mjamzito mayai au parachichi, kwa hofu kwamba mtoto atakuwa mkubwa na ashindwe kutoka. Mayai hayafanyi hivyo. Mtoto huzidi ukubwa zaidi kwa sababu ya kisukari au unene wa mama kupita kiasi, ndiyo maana soda na vitafunio vya sukari ndivyo vya kupunguzwa. Pombe, sigara, miraa na muguka viachwe kabisa. Vinywaji vya kuongeza nguvu vina kafeini nyingi na havifai.

Kwa familia za Kiislamu za Makina na kwingineko, Uislamu unamruhusu mjamzito anayehofia afya yake au ya mtoto asifunge Ramadhani, alipe baadaye kadiri ya mafundisho ya dini. Aongee na muuguzi na imamu wake kabla mwezi haujaandama.

Maji na usafi

Kuhara kunaweza kubatilisha mlo wote mzuri. Maji ya kunywa ya mtungi yachemshwe au yatiwe dawa ya klorini. Maziwa, hata ya ATM ya mtaani, yachemshwe pale mama asipokuwa na hakika. Chakula cha kibandani kiliwe kikiwa moto. Mikono ioshwe kwa sabuni kabla ya kula, hasa kwa anayeshika pesa na mboga siku nzima.

Mtungi wa lita 20 ni uzito wa kilo 20. Katika miezi ya mwisho, mwingine wa nyumbani aubebe.

Wajibu wa mwajiri

Mwajiri hatakiwi kungoja kuombwa. Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2007 inamtaka aweke maji safi ya kunywa mahali pa kazi na pa kukaa pale kazi inaporuhusu. Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 inampa mfanyakazi likizo ya uzazi ya miezi mitatu kwa malipo kamili, na inakataza kumfuta kwa sababu ya mimba. Haki hizo ni za mfanyakazi wa nyumbani pia, hata kama mkataba wake ni wa mdomo. Ibara ya 43 ya Katiba inampa kila mtu haki ya afya, pamoja na afya ya uzazi, na haki ya kutokuwa na njaa.

Mwenye nyumba anayemwita mama wa kufua anaweza kufanya jambo dogo: sahani ya chakula kilichopikwa saa saba badala ya chai na mkate, na nusu saa ya kukaa chini kukila. Msimamizi wa kiwanda anaweza kumruhusu mjamzito ale kitu kidogo saa nne na saa kumi bila kukatwa mshahara. Mama mwenyewe asione haya kusema ana mimba na anahitaji kula. Si kuomba msaada, ni kulinda kazi na maisha.

Dalili za kutosubiri

Mjamzito aende hospitali mara moja akiona damu ikitoka, kichwa kikimuuma sana, macho yakiona giza au vimulimuli, uso na mikono ikivimba, homa, degedege, pumzi kukatika hata akiwa amekaa, au mtoto kupunguza kucheza. Hayo hayatibiwi kwa chakula, na hayangoji siku ya kliniki.

Kwa siku nyingine zote, swali ambalo mama, mume, jirani na mwajiri wanaweza kuulizana saa saba mchana ni moja: amekula nini leo? Jibu likiwa ni chai tu, siku bado haijaisha. Kibanda kiko karibu.